Paka wa Mohamadi

Honoré alikuwa kuli katika bandari ya Bujumbura, mwaminifu hadi akachekwa. Gunia la sukari likipasuka, wenzake walijaza mifuko; yeye alitafuta sindano na uzi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeiba paka.

Tusimwonee. Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, nyumba yake kule Musaga ilikuwa imevamiwa na panya, na mmoja wao alimng'ata mtoto wake mchanga kidole cha mguu. Asubuhi mkewe, Ernestine, alimwonyesha kile kidole. Siku hiyohiyo ikatia nanga meli ya mizigo kutoka Kigoma. Mpishi wake, Mohamadi, alikuwa rafiki wa Honoré. Kila safari walikunywa chai pamoja kwenye kivuli cha ghala. Mohamadi alikuwa na paka mweupe aitwaye Sultani. Paka akashuka kunusanusa ghalani, Honoré akafungua gunia, basi.

Ernestine aliijua kazi ya kumzoeza paka nyumba mpya, maana kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa, kila mtu aliifanya. Alilizungusha gunia mbele ya mlango ili paka asijue tena ziwa liko upande gani, akampaka mawese miguu yote minne, akamfungia ndani.

"Akimaliza kulamba, anasahau kwabo," alisema. "Tumuache tu."

Siku za kwanza Sultani alilia mlangoni. Kisha paka akalamba, akazoea kulala miguuni pa mtoto, panya wakahama. Hata hivyo kila Jumapili Ernestine alimpaka tena, asije akakumbuka.

Meli iliporudi, Mohamadi alizunguka maghala yote akiita.

"Ndugu yangu, hujamwona Sultani?"

"Apana, Mzee."

Neno dogo tu, na hakuna aliyemlazimisha kulisema. Mohamadi akamkabidhi vichwa vya samaki. "Wewe uko hapa kila siku. Ukimwona, mpe, asife njaa."

Honoré alivipeleka nyumbani, akamwekea paka, akajiambia kwamba angalau mzigo umemfikia mwenyewe. Upuuzi mtupu, na yeye alijua. Ikawa hivyo kila safari. Chai ya Mohamadi alianza kuiacha nusu, na kanisani akawa anakaa benchi la nyuma, anaona aibu kwenda kupokea komunyo.

"Mi siwezi tena," akamwambia mkewe. "Namurudisha."

"Na mutoto?"

Honoré alichukua gunia.

Pale ghalani alilifungua mbele ya Mohamadi. Mzee wa watu akachuchumaa, akacheka, akaita jina. Sultani alimtazama, kisha akaenda kujisugua kwenye mguu wa Honoré. Manyoya meupe ya miguu yake yalikuwa yamegeuka manjano. Mohamadi hakuwa mgeni wa ziwa lile. Aliyaona, na kicheko kikamwisha.

"Mmempaka mawese."

"Ni mi nilimuiba, Mzee. Panya ilimuluma mutoto yangu."

Mohamadi aliweka mkono juu ya kichwa cha paka. "Ungeniomba, ningekupa," alisema. Halafu akauliza, "Mtoto amepona?"

"Amepona."

"Basi mrudishe. Huyu sasa ni wenu."

Honoré alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na angeshukuru. Badala yake alipanda Musaga na paka ambaye sasa alikuwa wake kwa halali, akajiona mwizi kuliko siku ile ya kwanza.

Meli iliporudi tena, aliosha vikombe viwili akasubiri kwenye kivuli cha ghala. Mohamadi hakushuka. Honoré alimwona ameegemea mlango wa jiko, akainua mkono. Mohamadi naye aliinua wake, akamwitikia vizuri tu, namna alivyowaitikia makuli wote.