Siku Mama Alipotufundisha Spiriti

Mwaka wangu wa pili wa mafunzo ya uuguzi, mapema miaka ya tisini, nilipelekwa kufanya mazoezi katika kliniki ndogo ya kando ya ziwa, karibu na Kaloleni. Tulikuwa wanafunzi wanne. Mama yangu alikuwa mfagizi palepale tangu nikiwa darasa la nne. Sikuwaambia wenzangu. Nilitaka kwanza wanione mimi mwenyewe, ndipo wajue natoka kwa nani.

Maji ya mfereji yalikuwa yakipotea siku mbili tatu, ingawa ziwa tuliliona kutoka dirishani. Kwa hiyo sista mkuu alikuwa akichanganya spiriti na gliserini kidogo, nasi tukawa tunapaka mikononi kuua vijidudu kabla ya kumgusa kila mgonjwa.

Asubuhi moja foleni ilikuwa imefika barabarani, nami nilikuwa na haraka. Nilijimiminia spiriti nyingi mpaka ikatiririka hadi kwenye viwiko, kisha nikachukua kiberiti niwashe stovu ya kuchemshia sindano. Kabla sijapiga njiti, mkono mzito ukanikamata.

"Nyathina, ngoja!" Mama alikuwa ameutupa ufagio. "Mkono yako bado maji! Unataka kuungua?"

Wenzangu wakageuka. Wote walijua Kijaluo, na nyathina ni mwanangu. Siri yangu ikaishia hapo. Sista mkuu akatoka chumba cha chanjo, akauliza kuna nini.

"Nilitaka kuwasha stovu kabla spiriti haijakauka," nikasema.

Nilingoja kufokewa. Sista akamgeukia mama.

"Mama, hebu waonyeshe."

Mama akachukua kifuniko cha mkebe wa maziwa ya unga, akakiweka nje kwenye saruji, penye jua, mbali na kila kitu. Akadondoshea spiriti kidogo, akafunga chupa na kuirudisha kabatini. Ndipo akapiga njiti na kuisogeza. Hatukuona kitu.

"Haijawaka," alisema mwenzetu mmoja, msichana wa Muhoroni.

Mama akashika kipande cha gazeti kwa koleo, akakipitisha juu ya kifuniko. Gazeti likashika moto.

"Jua ikiwa kali, hii moto huoni," mama alisema. "Utasikia tu ngozi inachomeka."

Halafu akatuonyesha mikono: spiriti ya kutosha kiganja, kwenye migongo ya mikono, kati ya vidole, kwenye vidole gumba, kusugua mpaka ikauke yenyewe, bila kupangusa na nguo. "Kama mkono iko na matope ama damu, hii haisaidii. Tafuta sabuni na maji, hata jagi moja. Na nyumbani usiweke kwa chupa ya soda. Mtoto anajua soda. Spiriti hajui."

"Hata mimi ni yeye alinionyesha, nilipohamia hapa," sista alisema.

Msichana wa Muhoroni akaniangalia. "Kumbe huyu ni mama yako?"

"Ndiyo. Ni mama yangu," nilijibu, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni.

Kila kundi la wanafunzi lililotufuata lilianzia kwa mama, siku ya kwanza, kabla ya kugusa mgonjwa yeyote. Sista alimshoneshea koti jeupe la kufundishia. Alilivaa siku hizo tu, na hakukubali mtu mwingine alipige pasi.