Mfuniko Chini ya Friza

Kazini walimwita Bi Chupa, maana popote alipokwenda alibeba kikapu cha chupa za kuchotea maji taka. Alikuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wenye karakana, madobi na mikahawa hawamwagi kila wanachotaka kwenye bomba kuu la mji. Miaka kumi na minne ya kudanganywa usoni na watu wanaotabasamu ilikuwa imemfanya awe mwepesi wa kufoka.

Mwezi ule kilichomtoa jasho kilikuwa chemba ya maji taka iliyo nyuma ya mkahawa mmoja. Ilikuwa imeziba mara tatu, na kila ikiziba, uchafu ulifurika uani kwa mama mshonaji, jirani wa mkahawa. Ilipoziba mara ya nne, mshonaji alimpigia simu.

"Mwanangu, cherehani nimeipandisha kitandani. Na mimi nikalale wapi, dirishani?"

Bi Chupa alifika na mafundi wawili. Walichomoa kwenye chemba bonge la mafuta yaliyoganda, jeupe, zito kama mtoto wa miaka miwili. Hapo hapo akaingia jikoni kwa mwenye mkahawa, mzee mpole kupita kiasi.

"Karibu dada! Chai?"

"Sitaki chai. Nionyeshe sanduku la kunasia mafuta."

"Si lipo pale chini ya friza? Mwaka jana uliliona mwenyewe."

Kweli, mwaka jana, kabla friza haijawekwa hapo, aliuona mfuniko wa chuma sakafuni, akatia saini.

"Sogeza friza."

"Dada, friza hii ikisogezwa inakufa."

"Basi ife."

"Ina nyama."

"Itoeni."

"Ufunguo anao mpishi."

"Mpishi si huyo nyuma yako?"

Mpishi alikohoa, akatoa ufunguo. Nyama ikatolewa, friza ikasukumwa. Fundi mmoja akachomeka mtaimbo kwenye ukingo wa mfuniko, akaubinua. Ukatoka kirahisi mno. Chini yake hapakuwa na sanduku, wala shimo. Ilikuwa saruji tupu, kavu, imesawazishwa vizuri.

"Tulipanga kuchimba," mzee alisema kwa sauti ndogo.

"Mlipanga kuchimba, mkaanza na mfuniko?"

Mpishi aliangua kicheko, akakigeuza chafya.

Bi Chupa hakucheka. Uongo alishauzoea, kilichomchoma ni saini yake. Siku ile ya ukaguzi mgongo ulikuwa unamuuma, akaona uvivu kuinama. Basi. Kwa uvivu wa dakika moja, mtu mzima amelala na cherehani.

Aliagiza bomba la jikoni lizibwe, kisha akarudi ofisini kuandika taarifa. Mwishoni akaongeza: "Mwaka jana nilipitisha mfuniko huu bila kuufunua."

Mkubwa wake aliposoma alishika kichwa. "Hii ungeiacha tu, bibi. Nani angejua?"

"Mimi," alijibu kwa hasira, akatoka.

Alipewa onyo la maandishi. Mkahawa ulifungwa siku kumi na moja hadi sanduku la kweli likachimbiwa, na safari hii Bi Chupa alipiga magoti, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Kutoka hapo alikwenda kwa mshonaji, akamweleza kila kitu, akamwomba radhi. Mshonaji alimsikiliza hadi mwisho, amenuna. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akarudi na ufagio, akamkabidhi.

"Anzia pale kwenye kona," alisema. "Pole yako nitaisikia ukimaliza."