Picha ya Lulwa kwa Bi Nuwair

Wadha alikuwa mpiga picha za pasipoti, kazi ya kutwa kuwaambia watu wasicheke. Hakuwahi kuiba hata sindano. Lakini Alhamisi ile alijipenyeza kwenye harusi ya binti wa mtawala pamoja na wanawake wa kumimina kahawa, kamera ndogo kaificha ndani ya mkono wa gauni.

Mlangoni walinyang'anya simu zote, hata za wake wa mawaziri. Wanawake walikuwa vichwa wazi mle ndani, wamejipamba, na kukutwa na kamera ilikuwa jela bila mjadala.

Yote haya kwa ajili ya mama yake, Bi Nuwair. Ndiye aliyemnyonyesha bibi harusi, Lulwa, na kaka yake Suhail, akawalea pamoja na Wadha mpaka siku alipokorofishana na mke wa mtawala, akafukuzwa. Sasa jicho moja limekufa, na la pili daktari amesema limebakiza mwezi mmoja. "Ningemwona tu amevaa," alisema, akageukia ukutani. Wadha angefanyaje?

Akamimina, akapiga. Akamimina, akapiga. Picha tano, zote visogo vya mashangazi.

"Wanaume wanaingia! Jistirini!"

Kufumba na kufumbua ukumbi ukawa mweusi kwa mabaibui. Aliyetangulia alikuwa Suhail, amekuja kumkabidhi dada yake. Bwana harusi alikuwa bado nje. Wadha akamtazama Suhail, kanenepa huyo, na mkono haukukumbuka kuupandisha ushungi. Tangu utotoni hajajifunika mbele ya Suhail. Ya nini, na wamenyonya ziwa moja? Kati ya wageni wote, kichwa chake peke yake kilibaki wazi.

Mlinzi mmoja, mwanamke wa miraba minne, akamdaka mkono. "We mwanamke, huna haya? Humwoni mwanamume?" Vidole vikagusa kitu kigumu. "Na hii? Kamera! Leo utalala ndani!"

"Nijistiri kwa nani?" Wadha alipaza sauti. "Huyu ndugu yangu!"

Watu wakacheka. Suhail alimtambua, ilionekana wazi usoni. Akamwangalia mama yake mzazi, kisha akatazama chini, asiseme neno. Kimya kile kilimuuma Wadha kuliko vidole vya mlinzi.

"Mwachie!" Lulwa alikuwa amesimama, shela kaifunua. "Ni dada yangu. Wadha, mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Macho yanamwisha."

Bibi harusi akashuka jukwaani na lile gauni zito, akaja hadi mbele yake.

"Piga."

"Lulwa!" mama yake akamkemea.

"Piga, dada, kabla sijalia."

Wadha akapiga moja tu.

Asubuhi Bi Nuwair aliileta picha kwenye jicho lake, karibu iguse pua. Akakaa nayo muda mrefu. Wadha alingoja alisifie gauni.

"Amekonda," alisema Bi Nuwair. "Mwanangu amekonda. Hivi wale hawamlishi?"