Dada Alikuwa Anacheka

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyokosea. Shule niliachia darasa la nane, na kuandika kwangu ni polepole. Kuongea mbele ya watu ndiko siwezi kabisa.

Dada yangu alikufa kwa nimonia. Nilibaki na video yake moja kwenye simu. Yuko kwa mfereji hapa Kaloleni, amenipa mgongo, anafua, anacheka hadi mabega yanatikisika. "We, zima hiyo simu nisikumwagie maji!" Majirani kwenye foleni wanamchochea: "Mmwagie! Amezidi!"

Kisha msanii mmoja wa kike kutoka Buruburu akaja kufanya kazi yake ya sanaa katika ukumbi wa mtaa wetu. Alituomba video za simu. Anaondoa sauti ya video, anaweka nyingine, ili tuone jinsi sikio linavyoliongoza jicho. Nilimpa ya dada, kwa sababu nilitaka kumwona akiwa mkubwa ukutani. Mama nikamwalika.

Ni ukumbi ule ule tulikokaa matanga kabla ya kumsafirisha dada kuzikwa kijijini, magharibi.

Kwanza msanii aliweka sauti ya samaki wakikaangwa. Dada akawa anapika, watu wakacheka. Halafu akaweka sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa shida. Mabega yale yale yakawa ya mtu anayelia. Hata mimi niliyeishika simu siku ile nilimwona analia.

"Analia, maskini," mtu akasema nyuma.

Mama akasimama. "Mtoto wangu alikuwa analia, na hakuna aliyeniambia?"

Msanii alizima, akaja kumweleza, akamwomba msamaha. Mama alikuwa ameshatoka.

Nyumbani nilimwekea video yenyewe, sauti juu. Akaitazama hadi mwisho.

"Hicho kicheko mmekiweka."

"Mama, ni yeye."

"Sauti zinawekwa, nimeona leo. Mabega hayawekwi. Usinidanganye, baba, huyo nilimzaa mimi."

Tangu hapo Mama hali chakula vizuri. Anauliza nani alimkosea dada, na kwa nini dada hakumwambia yeye mama yake. Siku hizi mimi pia nikiitazama nasikia zile pumzi chini ya kicheko, nami naogopa kuiweka tena.

Wewe uliyekuwa kwenye foleni ya maji asubuhi ile, ukamsikia kwa masikio yako, tafadhali niandikie ulichosikia. Hata mistari miwili inatosha. Nitamsomea Mama, maana mimi peke yangu haniamini.