Utepe Kwenye Laptop: Mgeni Rasmi Alivyotugharimu Ndengu za Siakago

Salamu wakuu, hasa nyinyi mnaosoma hapa mkijifanya mko kazini. Hii yote imenitokea, na sehemu inayoniaibisha nimeiacha humo humo.

Mimi ni mtafiti kwenye chuo kimoja hapa Meru. Kazi yangu ni ndengu. Ndiyo, nimesoma miaka yote hiyo ili nipige picha majani ya ndengu.

Msimu uliopita nilifanya majaribio Siakago, kwenye shamba la Mama Muthoni. Tulipanda mbegu mbili, A na B, tuone ipi inavumilia ugonjwa. Maelfu ya picha zilitakiwa ziende kwa wenzetu ng'ambo wenye kompyuta kubwa, watuambie ipi ipandwe.

Nilimwahidi Mama Muthoni jibu kabla ya mvua. Yeye hana salary kama mimi. Ana hilo shamba tu.

Basi kebo ya baharini inayotuletea internet ikakatika.

Hatukushtuka. Mutwiri, jamaa wetu wa ICT, alikuwa ametuhakikishia kwamba chuo kina laini mbili za kampuni mbili. "Moja ikilala, ingine inaamka."

Zikalala zote. Kumbe kampuni zote mbili zinakodi njia kwenye kebo ile ile moja. Tulikuwa tunalipia backup ya kutusindikiza gizani.

Mtaniuliza kwa nini sikutumia bundles za simu. Nilijaribu. Picha tatu, asubuhi nzima.

Sasa sikieni utamu. Wiki hiyo hiyo chuo kilikuwa na kongamano hotelini hapa mjini kuhusu mustakabali wa kebo za baharini kwa utafiti na elimu. Mabango, T-shirt, mandazi. Wataalamu wa ng'ambo walikuwa watuhutubie kwa video. Hatukuwaona.

Lakini Mungu si Athumani. Kampuni moja ikatuazima njia ya pembeni, isiyopita kwenye kebo ile, pale pale kongamanoni kwa dakika arobaini, kuanzia saa nne asubuhi. Mutwiri akapiga hesabu: picha zangu zinahitaji thelathini.

Nikafika ukumbini mapema, nikakuta laptop yenye picha zangu imefungwa utepe mwekundu. Mkuu wa idara akanizuia.

"Madam, usiguse. Mgeni rasmi ndiye atabonyeza send. Itapigwa picha."

"Lakini mkubwa, dakika zitaisha."

"Protocol ni protocol."

Saa nne ikafika. Tukaomba, na maombi yakaanzia kwenye uumbaji. Ukaja utambulisho, kila ofisi isimame ipunge mkono. Kisha mgeni rasmi akatueleza jinsi alivyosoma bila internet na bado akafaulu. Mutwiri alikuwa nyuma ya ukumbi akinionyesha saa, macho yamemtoka.

Utepe ulipokatwa zilibaki dakika kumi na mbili. Upload haikufika hata nusu, ikafa.

Watu wakapiga makofi wakidhani imeisha. Na mimi nikapiga. Hapo ndipo ninapojichukia.

Mvua ikaja kwa wakati wake, yenyewe haina mgeni rasmi. Mama Muthoni akanipigia.

"Mwalimu, hiyo majibu ya ndengu iko wapi? Watu wanapanda."

Nikamweleza kwamba kebo imekatika baharini. Akaniuliza:

"Sasa ndengu ya Siakago inatafuta nini huko bahari?"

Nikaanza kumweleza habari za internet, akanikatiza.

"Basi wacha nipande A. Hiyo ilikuwa inapendeza macho."

Baadaye kebo ikatengenezwa, picha zikaenda, na jibu likarudi siku ya pili: B. Ile A hupendeza hadi inapotoa maua, halafu inaanguka karibu yote.

Funzo, wakuu. Ukiambiwa una backup, uliza inapitia wapi. Hizo kebo mpya tunazoahidiwa kwa ajili ya vyuo zije, tena zipite njia tofauti. Lakini hata zikiwa kumi, kama bado tunamsubiri mtu mkubwa abonyeze, tutabaki pale pale. Na mkipewa dakika arobaini, anzeni na kazi. Maombi hayahitaji kebo.

Ndengu za Mama Muthoni zimeanza maua wiki hii. Jibu ninalo kwenye simu na bado sijampigia.

Haya, nipigeni mawe. Ila kwanza mniambie, ungekuwa wewe ungeanza kumwambia vipi?