Neno Alilolificha Mama

Wenzangu wa rika langu tukikutana hatukosi kujisifu kuwa enzi zetu mtoto alikuwa na adabu. Nami huitikia, lakini moyoni naona haya, maana yangu nayajua.

Nakumbuka miaka ile ya vita vya pili vya dunia, tulipokula sima ya unga wa manjano mpaka tukaichukia. Tulikaa Makadara ya huku pwani, chumba kimoja cha kupanga, sisi Wataita peke yetu katika mtaa wa Waislamu. Baba alikuwa fundi wa reli. Jioni tulicheza mdako, ule mchezo wa kurusha na kudaka vijiwe, barazani kwa kina Rukia, shoga yangu, vidole vikinuka achari, na mamake, Bi Zuwena, akitugawia mahamri yaliyobaki. Si hawa wajukuu zetu, mchezo wao kidole gumba na kioo cha simu! Sisi tulirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope. Ila nicheze nisicheze, nilibaki "mtoto wa wale wa bara", na Kiswahili cha mamangu kilikuwa cha kanisani.

Kisha baba akashikwa na homa. Siku ya nne tukamzika.

Majirani walikuja, Mungu awalipe. Bi Zuwena alitupikia siku tatu mfululizo. Na kila aliyempa mama pole alijibiwa maneno yale yale: "Bwana yupo." Kwetu kanisani Bwana ni Mungu. Lakini Makadara Mungu ni Mola, na bwana ni mume. Wanawake bombani wakatazamana.

"Maskini mke wa watu! Mumewe kazikwa juzi, naye asema bwana yupo. Akili zimemruka!"

Watoto wakalidaka neno hilo. Jioni moja barazani Rukia akanambia, "Hebu mwige mamako." Nilijua si vizuri, nisidanganye. Nikajitanda leso, nikainamisha shingo, nikavuta kamasi.

"Bwana yupoo!"

"Yuko wapi?" wakaitikia.

"Uvunguni!"

Lo, walivyocheka! Wengine waligaagaa chini. Nikarudia mara ya pili, ya tatu, raha imenijaa, kwani leo nilikuwa mwenzao. Halafu kicheko kikakatika ghafla. Mama alikuwa nyuma yangu, debe la maji kichwani.

Hakunipiga. Laiti angalinipiga! Alinitazama tu, akasema polepole, "Hata mimi, mwanangu, siku nyingine namtafuta." Akaingia ndani.

Aliyenivuta sikio mpaka likawaka moto ni Bi Zuwena. "Mwana mpumbavu we! Mamako hana nguzo nyengine, nawe waing'oa?"

Tangu siku hiyo, akipewa pole mbele yangu, mama alijibu "Ahsante" basi. Nilimsikia uani akifua nguo za watu, akinong'ona peke yake, "Bwana yupo, Bwana yupo." Nikitokeza mlangoni, ananyamaza na kusugua kwa nguvu. Faraja yake nilimfanya aifiche kama kitu cha wizi. Kumwomba radhi nikasema kesho, nikasema nikikua. Nikakua, nikaolewa, nikamzika mama na radhi yake sijaiomba.

Mwaka jana nami nilifiwa na mume wangu. Siku hizi pole huja kwa simu, na vikatuni vya machozi. Sufuria ya wali ya jirani hutaiona. Mjukuu wangu mmoja alikuja mwenyewe, nyaya masikioni kama kawaida yao. Aliponipa pole, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Bwana yupo."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Alichomoa zile nyaya, akaketi kando yangu, akaniuliza kwa upole, "Yuko wapi, Nyanya?"

Jibu la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa lile la barazani. Nikalimeza, nikajifunika uso kwa leso, nikamjibu la mama: "Hata mimi, mwanangu, siku nyingine namtafuta."