Tulidhani Ni Baridi

Mdogo wangu alirudi nyumbani Litembo kutoka Mbamba Bay mwezi wa saba, nyuma ya bodaboda, pua imepauka kama imepakwa unga. Mama na mimi tulikuwa uani tunachambua kahawa. Alimwamkia mama, akacheka, akageuza uso upande ili tumwone vizuri. Kule ziwani kuna mwanamke alikuwa amepanga chumba cha gesti, anadunga watu sindano za kujaza midomo na kuinua pua. Harusi yake ilikuwa imekaribia, na bibi harusi wetu alitaka pua iliyosimama.

"Inauma," alisema. "Ila aliniambia itauma kidogo."

Mama alimshika kidevu. "Baridi hiyo, mwanangu. Umetoka kwenye joto la ziwa ukapanda milima uso wazi. Njoo kwenye moto."

Hapa kwetu hakuna wa kumlaumu mama kwa hilo. Mwezi wa saba, kila anayepanda kutoka ziwani kwa pikipiki hufika amepauka, pua ina ganzi, na kila mama anajua dawa yake: moto wa jikoni na mafuta ya kupaka. Mama alimkalisha, akampaka, akamkanda taratibu. Alikuwa na raha usoni, raha ya kumhudumia bintiye kabla hajaolewa. Raha ile ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Kesho yake pua ilikuwa na mistari ya zambarau iliyopishana kama wavu. Mama akasema baridi imeingia ndani. Malengelenge yalipotoka na harufu kubadilika, nilimburuta mdogo wangu hospitali.

Daktari alibonyeza ncha ya pua kwa kidole, akaachia, akasubiri damu irudi. Haikurudi. Alisema kile kilichodungwa kiliingia kwenye mshipa kikaziba damu, na kwamba kule kupauka pamoja na maumivu ndizo dalili za kumkimbiza mtu hospitali palepale. Aina nyingine za vitu vya kujazia huyeyushwa kwa dawa, zikiwahiwa. Akauliza alidungwa nini. Mdogo wangu hakujua. Nilimpigia yule mwanamke simu, ikawa imezimwa. Nikaitukana hivyo hivyo, imezimwa.

Ncha ya pua ilikufa, ikakatwa. Watu walisubiri mchumba akimbie. Hakukimbia, na walivyokosa umbea nilifurahi kupita kiasi. Harusi ilifungwa, bibi harusi kajifunika shela mpaka mwisho.

Mama ndiye hakutoka pale jikoni. Wanangu wakiingia asubuhi ya baridi, huwashika mmoja mmoja, huwabonyeza pua, huachia, hutazama. Wao hucheka, wanadhani ni mchezo.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja kututembelea. Alipoinama kumwamkia mama, mama alinyanyua kidole, akakipeleka pale pua inapoishia, akabonyeza kovu, akaachia. Mdogo wangu hakujitoa. Tukabaki hivyo wote watatu, tunasubiri damu irudi.